Hodi ya Asiyejulikana: Simu za Ulaghai na Wajibu wa Kuamini

Simu ya tapeli huibua swali la kimaadili ambalo ni la kale kuliko simu yenyewe: mtu anadaiwa nini na asiyemjua anayemwita? Uislamu na Ukristo, dini zinazofuatwa na watu wengi katika milima ya Usambara nchini Tanzania, hufundisha kumpokea mgeni, kumsaidia mwenye shida na kutomdhania mtu mabaya. Mafundisho hayo hayo ndiyo mtaji wa tapeli. Anayejifanya mwalimu na kusema mtoto amelazwa ghafla hutegemea huruma ya mzazi. Anayedai amekosea kutuma fedha hutegemea uaminifu wa aliyepigiwa. Anayejiita mchungaji au sheikh anayechangisha hutegemea heshima waliyo nayo waumini kwa viongozi wao. Kwa hiyo swali haliishii kwenye tahadhari za matumizi ya simu. Linagusa uhusiano kati ya wema na hadhari: je, kukata simu ya usiyemjua ni upungufu wa utu, au ni sehemu ya utu wenyewe?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mila na dini hazikuwahi kumtwika mwenye nyumba mzigo wote. Anayebisha hodi ndiye mwenye deni la kwanza: aseme ni nani, angoje ruhusa, na akubali kurudi akiambiwa arudi. Aliyeficha jina lake hajalipa deni hilo, na asiyemfungulia hajamkosea.

Namna namba inavyodanganya

Simu zisizotakiwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni simu ya mashine: kompyuta hupiga namba nyingi mfululizo, na anayepokea husikia sauti iliyorekodiwa ikimtangazia bahati nasibu, mkopo au muziki wa kuitikia simu. Ya pili ni simu yenye namba ya kughushi, ambapo namba inayoonekana kwenye kioo siyo ya anayepiga. Ya tatu ni simu ya mtu halisi, kwa laini inayofanya kazi kihalali, lakini mwenye kuishika siyo anayedai kuwa.

Kughushi namba kunawezekana kwa sababu mitandao ya simu ilijengwa juu ya kuaminiana. Mfumo wa ishara unaoiunganisha, unaojulikana kwa kifupi chake SS7, ulianza kuundwa katika miaka ya 1970, wakati kampuni za simu zilikuwa chache na nyingi zikiwa mashirika ya umma. Mtandao uliopokea simu haukuwa na njia ya kuhakiki namba iliyotajwa na mtandao uliopeleka, ulichukua ulichoambiwa. Simu zilipoanza kupitishwa kwenye intaneti, mtu mwenye programu ifaayo akaweza kuandika namba yoyote aitakayo. Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na jambo hilo Desemba 2019, na kuanzia tarehe 30 Juni 2021 kampuni kubwa zikatakiwa kuziwekea simu alama ya kidijitali ya kuthibitisha namba. Teknolojia hiyo haisemi kwamba anayepiga ni mwema. Inathibitisha tu kwamba namba haikubadilishwa njiani.

Tanzania imezoea zaidi aina ya tatu. Meseji ya kumtaka mtu atume ile hela kwenye namba nyingine, kana kwamba kulikuwa na mazungumzo kabla yake, imekuwa maarufu kiasi cha kugeuzwa utani. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizohakikiwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Matapeli wakahamia kwenye laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Mtu aliyeambiwa na msajili kuwa kidole hakijasoma, akarudia mara mbili au tatu, anaweza kuondoka akiwa ameacha nyuma laini asiyoijua yenye jina lake. Ndiyo sababu wananchi huhimizwa kupiga *106# ili kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Hapo kinachoghushiwa ni jina, wakati namba ni ya kweli.

Kwa nini namba ngeni haikataliki kirahisi

Shauri jepesi kuliko yote ni kutopokea namba ngeni kabisa. Wilaya ya Lushoto, katika milima hiyo ya Usambara, inaonyesha kwa nini shauri hilo halitoshi. Wakulima wa miteremko ya Usambara hulima kabichi, karoti, viazi, nyanya, hoho, na matunda ya nchi baridi kama plamu, pichesi na peasi. Mazao mengi hushuka kupitia Soni hadi Mombo, kisha huelekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mboga haingoji. Mnunuzi mpya, dalali aliyepewa namba na dalali mwenzake, au dereva wa lori anayeuliza mzigo uko kijiji gani, wote hupiga kwa namba ambazo hazimo kwenye simu ya mkulima. Mkulima anayefunga mlango kwa kila asiyemjua hujifungia na riziki.

Hali ni hiyo hiyo kwa familia. Vijana wengi wa milimani huenda kutafuta maisha mijini, na habari za msiba, ugonjwa au uzazi huweza kuletwa na simu ya jirani, mwenye nyumba au muuguzi. Tapeli anayesema kuna mgonjwa anaiga simu ambayo kwa kweli hupigwa. Kutoamini chochote si hekima hapo, na kuamini kila kitu si wema. Kinachotafutwa ni kanuni ya kupokea.

Adabu ya kubisha hodi

Adabu ya kuingia kwa watu imeelezwa kinaganaga katika Uislamu. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji, na inawaagiza kurudi wakiambiwa warudi, kwa kuwa kurudi huko ni usafi zaidi kwao. Jambo la kuangalia ni upande ambao amri imeelekezwa. Aya inamwamrisha anayekuja. Mwenye nyumba anaachiwa haki ya kukataa, wala hatakiwi kutoa sababu.

Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaongeza sharti la jina. Jabir bin Abdallah alikwenda kwa Mtume kwa ajili ya deni la baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, bila kutaja jina. Mtume akayarudia maneno yake kwa namna iliyoonyesha kutoyapenda. Jabir hakuwa na nia mbaya, alikuwa sahaba anayejulikana, na haja yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo jibu lisilo na jina lilihesabiwa kuwa pungufu, kwa sababu linamtaka aliye ndani aamue bila kujua anaamua juu ya nani. Ikiwa mwema alifundishwa kutaja jina, anayeficha jina kwa makusudi hana dai lolote la kufunguliwa.

Mpokeaji simu anaweza kupima kwa kanuni hizo. Simu ya matangazo inayorudi kila siku baada ya kukatwa imekiuka amri ya kurudi. Simu ya mashine haiwezi hata kuitimiza, kwa sababu haisikii ikiambiwa irudi. Namba ya kughushi imekwepa sharti la jina. Katika hali zote hizo, kukata simu hakuvunji wajibu wa ukarimu, kwa kuwa wajibu huo haujaanza.

Kuhakiki si kutukana

Wengi huona haya kumhoji anayepiga, hasa akijitambulisha kuwa mtu mzima, kiongozi wa dini au ofisa. Kuuliza huonekana kama kumwita mwongo. Kisa kingine katika hadithi kinajibu aibu hiyo. Abu Musa al-Ash'ari aliomba ruhusa mara tatu kwa Khalifa Umar, hakuitikiwa, akaondoka. Alipoulizwa baadaye, akasema ndivyo Mtume alivyofundisha. Umar akamtaka alete shahidi, na Abu Said al-Khudri akashuhudia. Katika mapokezi mengine Umar alieleza kwamba hakumtuhumu Abu Musa. Alichelea watu wasizoee kumnasibishia Mtume maneno ovyo ovyo. Sahaba mwenye heshima alihakikiwa na heshima yake ikabaki. Kinachopimwa ni dai, na hadhi ya mtu ni jambo lingine.

Tofauti hiyo hupatanisha aya mbili za Sura ya Al-Hujurat ambazo mtu angeweza kuziona zinavutana. Aya ya 6 inaamuru habari iletwayo na mtu mwovu ichunguzwe, watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Aya ya 12 inaonya dhidi ya dhana nyingi. Ya kwanza inahusu habari. Ya pili inahusu watu. Mpokeaji simu anaweza kusema, "Nitampigia mwalimu mkuu kwa namba niliyo nayo," bila kumwita aliye upande wa pili mwizi. Tahadhari hiyo inamlinda pia mtu wa tatu: mwenye namba iliyoghushiwa au jina lililoibwa, ambaye huanza kupokea matusi ya watu waliotapeliwa kwa namba yake bila yeye kujua. Kuhukumu kwa kuangalia kioo cha simu peke yake kunaweza kumdhuru asiye na hatia.

Mila ya Kilutheri, ambayo ina mizizi mirefu Usambara tangu wamisionari wa Betheli walipoanzisha kituo cha Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, inafikia mahali hapo hapo kwa njia yake. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, inayotumika kufundisha vijana wa kipaimara, inaifafanua amri ya nane kuwa ni pamoja na kumtetea jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio mwema. Lakini ufafanuzi wa amri ya saba unamtaka mwamini amsaidie jirani kuitunza mali na riziki yake. Anayemdhania mema kila mpigaji huku akiacha akiba ya familia ipotee ameitimiza amri moja kwa kuisahau nyingine. Amri mbili zikisomwa pamoja, zinadai mtu asihukumu upesi na asitoe upesi.

Kosa la Isaka

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kina kisa kilichokamilika cha utambulisho wa kughushi. Isaka, mzee asiyeona tena, anamtuma Esau mawindoni ili akirudi ambariki. Yakobo, akisaidiwa na mama yake Rebeka, anatangulia akiwa amevaa mavazi ya kaka yake na kufunika mikono na shingo kwa ngozi za mbuzi. Isaka ana shaka. Anauliza imekuwaje mawindo yamepatikana haraka hivyo. Anaitambua sauti kuwa ni ya Yakobo. Anampapasa mikono, anakula chakula, ananusa mavazi, na mwisho anatoa baraka.

Mzee huyo hakuwa mzembe. Alitumia kila kipimo alichokuwa nacho, na bado akadanganywa. Kosa lake lilikuwa mahali alipotafuta uthibitisho: ngozi, chakula na mavazi vyote viliandaliwa na upande uliokuwa ukidanganya. Alimuuliza mgeni yule yule kama kweli yeye ndiye Esau, na mgeni akajibu ndiye. Hakumwita mtu mwingine. Hakungoja. Kipimo kimoja ambacho hakikughushiwa, yaani sauti, alikiacha kwa kuwa vingine vyote viliafikiana.

Kanuni inayopatikana humo inafaa kila simu: uthibitisho uliopitia mkononi mwa anayedai si uthibitisho. Tapeli akishukiwa husema piga namba hii ya ofisi uhakikishe, na namba hiyo ni ya mwenzake. Hutuma picha ya kitambulisho, naye ndiye aliyeitengeneza. Humtajia mtu jina lake kamili na namba ya kitambulisho, kana kwamba anayejua mambo hayo lazima awe ofisa. Njia salama ni kukata na kuanza upya kwa njia nyingine: kumpigia mtoto kwa namba iliyokuwapo zamani, kumtuma jirani shuleni, au kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu nchini. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, imekuwa ikiwakumbusha wananchi kwamba kampuni ikimpigia mteja hutumia hiyo hiyo 100, si namba ya kawaida.

Siku hizi hata sauti, ambayo Isaka angeweza kuitegemea, imeingia kwenye orodha ya vinavyoghushika. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu za mashine zenye sauti iliyotengenezwa kwa akili bandia kumwiga Rais Joe Biden, zikiwashauri wasijitokeze katika uchaguzi wa awali. Mwezi uliofuata tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kuwa sauti za namna hiyo katika simu za mashine zimo katika marufuku ya sheria ya mwaka 1991. Pale ambapo mtu alizoea kusema anaijua sauti ya mwanawe, sasa inafaa familia ziwe na swali ambalo jibu lake halijulikani nje ya nyumba.

Je, mashine husema uongo?

Augustino wa Hippo, aliyeandika juu ya uongo karibu mwaka 395 huko Afrika Kaskazini, aliuweka uongo moyoni: mwongo ni mwenye kuwaza moja na kutamka jingine kwa nia ya kudanganya. Mtu akisema kisicho kweli huku akikiamini, amekosea lakini hajasema uongo. Kwa kipimo hicho, sauti iliyorekodiwa haiwezi kusema uongo, kwa kuwa haina moyo wa kugawanyika. Uislamu nao huyapima matendo kwa nia, na mashine haina nia.

Haifuati kwamba simu ya mashine haina mwenye dhambi. Kinachofuata ni kwamba mwenye dhambi yuko mbali na simu, na umbali huo ndio hatari yake ya pekee. Mwongo wa kawaida humwangalia anayemdanganya. Huweza kuona machozi, kusikia mtoto akilia nyuma, akasita. Mashine huondoa nafasi ya kusita. Aliyeiwasha hudanganya maelfu ya watu ambao hatasikia hata mmoja wao akijibu. Lawama pia hugawanyika: mwenye kompyuta, aliyerekodi sauti, aliyeuza orodha ya namba, kampuni iliyopitisha simu kwa malipo, kila mmoja huona kwamba yeye amefanya kipande kidogo kisicho na ubaya. Mafundisho ya dini zote mbili hayakubali utetezi huo. Kusaidiana katika uovu kumekatazwa katika aya ya 2 ya Sura ya Al-Maida, na mafundisho ya Kanisa Katoliki huhesabu kushiriki dhambi ya mwingine kwa kuishauri, kuisifu au kutoizuia pale mtu anapowajibika kuizuia. Msajili wa laini anayerudia kidole cha mteja ili apate laini ya kuuza anaingia humo, hata kama hakuwahi kumpigia mtu simu.

Jambo hili lina upande wa pili. Kwa kuwa mashine si mtu, hakuna adabu inayodaiwa kwake. Kuikata bila kuaga si ufidhuli. Wazee waliolelewa kuona ni aibu kumkatiza anayezungumza huisikiliza sauti ya mashine hadi mwisho, wengine huiitikia. Kuwaeleza kwamba hakuna mtu upande wa pili ni kuwaondolea mzigo ambao dini haikuwabebesha.

Fedha iliyokosewa na wajibu wa kurudisha

Hila moja inastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa inatumia amri ya wazi. Mtu hupokea meseji inayofanana na ya muamala, ikionyesha ameingiziwa fedha. Kisha simu hupigwa na mtu anayelia kwamba amekosea namba, na kwamba fedha ni ya dawa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinaamuru ng'ombe au kondoo wa ndugu aliyepotea arudishwe, na kinakataza kujifanya hujamwona. Fiqhi ya Kiislamu ina mlango mzima wa kitu kilichookotwa, ukieleza kutangaza, kutunza na kurudisha.

Amri hizo, zikisomwa kwa ukamilifu, zina ulinzi ndani yake. Torati inaagiza kwamba kama mwenye mali hajulikani, mnyama atunzwe nyumbani mpaka mwenyewe amtafute. Katika fiqhi, anayedai kitu kilichookotwa hutakiwa kueleza alama zake kabla ya kukabidhiwa. Kurudisha haraka kwa mdai wa kwanza hakujawahi kuwa sheria. Aliyepigiwa huangalia kwanza salio lake lenyewe, wala hategemei meseji. Ikiwa kweli fedha imeingia, humwelekeza mdai kwa kampuni ya simu, ambayo ndiyo yenye kumbukumbu ya muamala na uwezo wa kuurudisha. Mwaminifu hapotezi chochote kwa njia hiyo, na aliyekosea kweli atapata chake. Anayepinga njia hiyo kwa kelele na haraka amejieleza mwenyewe.

Kumjibu tapeli kwa uongo

Wapo wanaojivunia kumchezea tapeli: humpa namba za siri za uongo, humwambia asubiri wakala afungue, humpotezea mchana mzima. Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alikataa kabisa uongo hata kwa muuaji anayeulizia aliyefichwa. Augustino naye aliuhesabu kila uongo kuwa dhambi, ingawa kwa viwango. Katika Uislamu hadithi inataja hali tatu zilizoachiwa nafasi, nazo ni vita, kupatanisha watu, na maneno ya mume na mke. Wanazuoni, akiwamo al-Ghazali, walieleza kwamba pale lengo jema linapoweza kufikiwa kwa ukweli, uongo hauruhusiwi.

Kipimo hicho kinatosha hapa. Lengo ni kujilinda na kuwalinda wengine, nalo hufikiwa kwa ukweli: kukata, kuzuia namba, na kuituma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kupokea taarifa za matapeli. Kuendelea kucheza humfundisha tapeli aongeze ustadi, humpa nafasi ya kuvuna majina na sauti, na wakati mwingine matusi humwangukia asiyehusika ambaye laini inasomeka kwa jina lake.

Mgeni aliyefika Usambara

Historia ya Washambaa, wenyeji wa Usambara, ina hoja yake juu ya mgeni. *Habari za Wakilindi*, historia iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, inamweleza Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyepanda milimani akiwa mgeni asiye na ukoo hapo. Aligawa nyama kwa wenyeji, aliwaondolea wanyama waharibifu, akaua simba, na hatimaye akapewa utawala Vuga. Dola ya Wakilindi, iliyofikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, ilianzia kwa mtu asiyejulikana aliyepokewa. Jamii yenye asili hiyo haiwezi kusema kuwa mgeni ni adui.

Lakini simulizi linaonyesha pia namna alivyopokewa. Mbegha alionekana kwa macho, alitoa kabla ya kupewa, na imani ya watu ilikua kwa matendo yaliyoweza kushuhudiwa, kijiji hadi kijiji. Tapeli hupindua kila hatua: haonekani, hutaka apewe kwanza, na hudai imani yote ndani ya dakika tano. Haraka ndiyo alama yake kuu, kwa kuwa muda humpa mpokeaji nafasi ya kuuliza watu.

Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti aliyeandika mwaka 1764, alishikilia kwamba Mungu ameweka ndani ya binadamu mielekeo miwili inayokwenda pamoja: kusema kweli, na kuamini tunachoambiwa. Mtoto huanza kwa kuamini yote, na uzoefu humfundisha mipaka. Bila mwelekeo huo hakuna lugha, elimu wala biashara. Onora O'Neill, katika mihadhara aliyoitoa kwenye BBC mwaka 2002, aliongeza kwamba lengo lisiwe kuongeza imani kwa jumla, kwani imani iliyowekwa kwa asiyestahili ni hasara. Lengo ni kuiweka panapostahili. Mbegha alipewa imani iliyostahili. Anayetuma fedha kwa sauti ya haraka ametoa kitu kile kile mahali pasipostahili.

Madhara kwa nchi nzima

Fikra za kisiasa za Washambaa, kama zilivyochunguzwa na mwanahistoria Steven Feierman katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra, zilitofautisha matendo yanayoiponya nchi, kuzifya shi, na yanayoiharibu, kubana shi. Ustawi wa mvua na chakula haukuhesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja, na aliyeuvuruga aliwadhuru wote. Mtazamo huo unasaidia kuona hasara ya utapeli ambayo haionekani kwenye salio. Kila simu ya uongo huchafua simu ya kweli ya baadaye. Muuguzi anayetafuta ndugu za majeruhi hukatiwa. Mnunuzi mpya wa karoti haaminiwi. Padri anayechangisha kwa msiba wa kweli huombwa vithibitisho na watu waliokwisha kuumwa. Wanaoumia zaidi ni wageni waaminifu, watu wale ambao dini zinasisitiza wasifungiwe mlango.

Kwa kuwa madhara ni ya wote, ulinzi nao hauwezi kuachwa kwa kila mtu na simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta na kutuma ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa chanzo cha orodha za namba zinazouzwa. Kampuni zinazopitisha simu na kukusanya ada za miamala zina wajibu mkubwa kuliko mteja, kwa sababu ndizo zinazoona mienendo ya laini moja kwa maelfu ya watu. Wajibu wa jumuiya ni wa aina nyingine: msikiti na usharika kutangaza kwamba michango hupitia namba zilizobandikwa ubaoni tu, shule kuwapa wazazi namba rasmi mapema, vijana kukaa na wazee na kuwaonyesha namna ya kuhakiki.

Uko pia wajibu kwa aliyekwisha kutapeliwa. Mara nyingi huchekwa kwa ujinga au tamaa, akanyamaza, na ukimya wake humwachia tapeli uwanja. Ikiwa alituma fedha akidhani anaokoa mtoto hospitalini, tendo lake lilitoka mahali pema. Lililokosekana ni njia ya kuhakiki. Kumcheka ni kuifundisha jamii kwamba huruma ni upumbavu. Kumsikiliza hadharani, kwenye kikao cha ukoo au baada ya ibada, hugeuza hasara ya mmoja kuwa hadhari ya wengi, na humwezesha kuripoti mapema, kabla fedha haijatolewa kwa wakala na laini kutupwa.